Kiti cha Karani

2 Juni

Kijiko wangu,

Karani anasema barua huanza kwa kuuliza afya. Nimemwambia afya yako naijua, ungekuwa mgonjwa ungeshaniandikia kunililia. Basi hujambo, na marahaba kabla hujasema shikamoo. Tuendelee.

Huyu Karani humjui, alihamia hapa ulipokwisha ondoka. Ameandika mahakamani miaka thelathini. Sasa kastaafu, kaweka meza barazani mwa posta, anatuandikia na kutusomea sisi ambao shule tuliiona kwa nje tukipeleka magodoro ya bweni. Mbele ya meza ana kiti kimoja cha miguu mitatu. Asiyekalia kiti hicho hasemi naye. Hata awe nani.

Ila ana ugonjwa mmoja aliotoka nao mahakamani: anaandika kila kinachotamkwa. Ukipiga chafya, kaandika. Juzi nilimwambia "hilo usiandike", akaliandika pamoja na usiandike yake. Kwa hiyo ukikuta mambo humu, usishangae.

Na usinitumie ujumbe wa kunitaka ninunue simu. Simu ikikatika maneno yameenda. Barua nasomewa mara mbili, ya pili kwa raha tu.

Sasa maneno mawili. La kwanza, nataka kitambaa cha ganda la godoro, kile kizito cha milia ya bluu. Huku wameleta chepesi, ukikichoma sindano mara moja kinaguna. Kipimo nitakutumia. La pili, uwe hapa Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba. Usiniulize kwa nini. Utajua ukifika. Kuna mambo ya kuambiana uso kwa uso.

Karani, mbona umeinamisha kichwa? Andika.

Bibi yako, fundi magodoro

(Ameshona fundo lake la uzi hapa chini badala ya sahihi. Anasema barua isiyo na fundo si yake. Imeandikwa kama ilivyotamkwa. Karani.)


7 Juni

Bibi yangu, shikamoo. Na Karani, shikamoo pia, maana najua wewe ndiye unayesoma.

Kitambaa nitakitafuta. Kuja ndiyo shida, na nikuambie ukweli mapema usije ukanitukana baadaye.

Kazi yetu sasa ni mbao za matangazo za stesheni ya treni, zile zinazoonyesha treni gani inatoka lini na jukwaa lipi. Zinaganda. Jumatatu ubao wa jukwaa la nne uliganda kwenye treni ya saa tatu asubuhi. Saa nane mchana bado unasema ni hiyo ya saa tatu, na mzee mmoja amekaa na mabegi yake anaingojea, kwa sababu ubao wa serikali haudanganyi. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye treni nyingine mwenyewe, kwa aibu.

Ndani ya programu kuna kitu tunakiita mkalimani. Wafanyakazi wa stesheni huandika maagizo yao kwa lugha nyepesi, na mkalimani huyasoma na kuyatenda mstari kwa mstari. Mimi niko upande wa chini, kwenye lugha ngumu inayoongea na vyuma vyenyewe: taa, vipaza sauti, vihisio vya relini vinavyojua treni imefika. Kazi nyingi zinakwenda kwa pamoja, na kila moja tunaiita uzi. Ninazo nyuzi kumi na mbili. Lakini mkalimani ni mmoja, na ufunguo wake ni mmoja. Uzi usioshika ufunguo huo hauruhusiwi kusema naye neno.

Basi mahali fulani nyuzi zangu zinakwama. Zote. Hakuna inayolalamika, hakuna kosa linalojitokeza, zinasubiri tu. Natafuta wiki ya tatu hii.

Bosi amesema hakuna likizo kwa mtu yeyote wa chumba chetu mpaka mbao zitembee siku tano mfululizo bila kuganda. Zikishindwa hadi mwisho wa mwezi huu, kazi yangu yote inatupwa na wanaitwa watu wengine kuanza upya. Kwa hiyo kuja kwangu kumefungwa humo humo, Bibi. Ungeniambia angalau ni kwa ajili ya nini.

Mjukuu wako, Kijiko


12 Juni

Kijiko,

Nimesema usiniulize, umeuliza. Haya.

Nyuzi zako zimekwama? Mimi nashona mwaka wa arobaini na tatu. Uzi ukikwama hauvutwi, ukivuta umekaza fundo. Unarudi ulikoingilia sindano. Karani anasema nyuzi zako si za katani, hazishikiki. Nimemwambia uzi ni uzi, na mjukuu ni wangu.

Barua hii ilikuwa uipate mapema zaidi, ila jana tulikuwa na mkasa hapa. Nikusimulie ucheke, maana naona huko hakuna anayekuchekesha.

Nilikuja saa tatu kukutumia kipimo cha kitambaa. Nikakaa kitini, nikatamka "Kijiko wangu", nikakumbuka kuwa kipimo sina, anacho fundi seremala anayenitengenezea kitanda. Karani akaniuliza, "Tufanyeje?" Nikasema namsubiri hapa hapa, kaahidi atanikuta posta. Mimi nisimame? Foleni ilikuwa ya watu kumi na mmoja, imekwenda imepinda kona ya baraza. Nikisimama si narudishwa mkiani na magoti haya! Nikajikaza juu ya kiti. Karani kalamu juu, mimi mikono mapajani.

Saa nne ikapita. Mwenye duka la baiskeli akaanza kutukana kwa heshima. Mama mwenye mtoto mgongoni akamhamisha mtoto, akambeba mbele. Mimi kitini. Saa tano na nusu mama yule akaja akaniinamia.

"Samahani, Mama, unamsubiri nani?"

"Seremala."

"Yule mrefu, penseli sikioni?"

"Huyo huyo. Umemwona wapi?"

"Yuko nyuma yangu tangu asubuhi."

Weee! Nikapaza sauti. "Wewe seremala! Kipimo kiko wapi?"

Naye kutoka nyuma ya kona: "Ninacho, Mama! Kimeandikwa kwenye karatasi na mwenye mbao! Nasubiri kiti, Karani anisomee!"

"Kiti nimekikalia mimi nikikusubiri wewe!"

Kijiko, baraza zima lilianguka kwa kicheko. Hata mwenye baiskeli, ambaye matusi yake yalikuwa yameshafika kwa mama zangu wote, alicheka akakaa chini. Kwa muda wa saa mbili na nusu watu kumi na mmoja wamesimama, hakuna aliyekosa, hakuna aliyelala, na hakuna kilichokwenda.

Karani hakucheka. Aliniambia kwa ule upole wake unaoudhi, "Fundi, ungesimama dakika moja. Barua yako ningeiweka chini ya jiwe lako." Maana hiyo ndiyo kazi yake: barua isiyokwisha anaibana chini ya jiwe, kila mtu na jiwe lake. La kwangu lina kifungo cha koti. Ukirudi analiinua, anaendelea pale pale mlipoachia, hata kama ni katikati ya neno. Nikamwambia mimi si mtu wa kusimama. Akasema hilo ameshaliona.

Kipimo ni futi tano kwa sita.

Bibi yako, fundi magodoro

(Fundo lipo. Nathibitisha kwamba nilikaa na kalamu juu kwa saa mbili na nusu. Karani.)


16 Juni

Shikamoo Bibi, shikamoo Karani,

Bibi, nimesoma "Kiti nimekikalia mimi nikikusubiri wewe" nikasimama ofisini nikapiga kelele mpaka bosi akatoka na kikombe chake. Ndilo! Ndilo hilo hilo!

Uzi wa ubao ulikuwa unashika ufunguo wa mkalimani, halafu ufunguo ukiwa mkononi unauliza vihisio: treni imefika? Na unakaa kusubiri jibu. Uzi wa vihisio unalo jibu tangu zamani, lakini kulitoa lazima upitie kwa mkalimani, na ufunguo hauko. Seremala yuko nyuma ya kona na karatasi yake! Wiki tatu nilikuwa nikitafuta aliyekosea, kumbe kila mmoja alikuwa na adabu zake.

Nimebadilisha mistari michache tu. Sasa uzi unaotaka kusubiri kitu unasimama kwanza. Unarudisha ufunguo, unaacha mambo yake chini ya jiwe. Jibu likifika, unaushika tena ufunguo na kuendelea ulipoishia. Hakuna ubao ulioganda tangu juzi.

Ila, Bibi, sasa zinasema upuuzi. Jana ubao wa jukwaa la pili uliandika: "Treni ya saa saba inaelekea Mlango Haujafungwa." Haya ni maneno ya kihisio cha behewa, sijui yamefikaje kwenye ubao wa abiria. Mama mmoja aliniuliza huko Mlango Haujafungwa ni mbali kiasi gani. Bosi amesema siku tano hazihesabiki kama watu wanapelekwa kusikojulikana. Zimebaki siku kumi na nne.

Na jambo jingine. Futi tano ni kitanda cha watu wawili. Unalala peke yako tangu Babu afariki, na unajikunja kama paka. Kama kitanda hicho ni changu, na Jumamosi hiyo kuna kijana wa mtu anakuja kunitazama, nasema mapema: sitaki. Treni nitaikosa kwa makusudi.

Kijiko


20 Juni

Kijiko,

Mume! Mimi nikutafutie mume wewe? Nani nitamwangukia kwa kisirani hicho? Nimwambie nina binti mzuri, ila ukiacha redio karibu yake anaifungua kwa kijiko? Nimecheka mpaka kiti cha watu kimelia. Lala salama. Hakuna kijana.

Kitanda ni mgongo wangu, unataka kujinyoosha. Karani, kwa nini unakohoa?

(Nimekohoa. Karani.)

Sasa hao wanaosema upuuzi. Hilo tunalijua hapa, tumelikomesha mwezi uliopita. Nyuma ya mgongo wa Karani kuna dirisha la chumba cha vifurushi. Mpakiaji wa humo anaropoka kutwa nzima, na hajawahi hata siku moja kuja mbele akakalia kiti. Lakini Karani masikio yake si unayajua? Kinachotamkwa kinaandikwa. Mpakiaji akisema lake, linaingia kwenye barua ya yeyote aliyeko kitini. Mjane mmoja alikuwa anawaandikia wakwe zake. Tuliposomewa tukasikia: "Tumepokea kwa majonzi makubwa kilo kumi na mbili, upande huu juu, usipindue."

Karani alikwenda dirishani. Alimwambia, "Ndugu yangu, ukiwa na neno la kuandikwa, njoo mlangoni kama wenzako. Jitaje, ukae, upewe jiwe lako. Ukimaliza ulirudishe. Ukisemea dirishani, maneno yako yanaingia chini ya jiwe la mwenzio." Sasa anakuja. Jiwe lake lina kamba ya vifurushi, na anajivunia utadhani kapewa shamba.

Kwa hiyo waulize hao kumi na wawili wako, mmoja mmoja: umepita mlangoni, au unasemea dirishani? Ukimpata wa dirishani, usimpige. Mpe jiwe.

Na ule chakula. Mwandiko wako umekonda.

Bibi yako, fundi magodoro

(Nilimwambia mwandiko wa barua yako ni wa mashine, hauwezi kukonda. Alisema andika. Karani.)


28 Juni

Shikamoo Bibi, shikamoo Karani,

Wa dirishani walikuwa watatu! Nyuzi tatu hazikuzaliwa kwa mkalimani kabisa, zilitoka nje, kwenye vyuma vya reli, zikawa zinaingia bila kujiandikisha na kutumia jiwe la mwingine. Sasa kila moja ikija inajitaja kwanza, inapewa mahali pake, na ikitoka inarudisha ilichopewa. Siku tano zimetimia leo asubuhi. Hakuna ubao ulioganda, hakuna aliyepelekwa Mlango Haujafungwa. Wenye stesheni wamepokea kazi na kusaini. Chumba chetu kizima tumeruka kama watoto. Kwenye kona moja ya programu nimeandika maelezo kwa wajao: "Kabla ya kusubiri, simama kitini." Wenzangu hawajui nani kasema, ila wote wameelewa.

Sasa limebaki moja, na hili ni lako.

Likizo ina fomu. Fomu ina mstari: sababu ya likizo. Niliandika "Bibi ameniita." Bosi ameirudisha. Anasema kila mtu ana bibi, na bibi wote wanaita. Anataka sababu, na anaitaka kabla ya tarehe tano, la sivyo zamu ya Jumamosi hiyo ni yangu.

Wewe unasubiri nije ndipo uniambie. Fomu inasubiri uniambie ndipo nije. Unaona tulipo? Bibi, umekalia kiti tena. Mimi niko nyuma ya kona na karatasi yangu.

Simama dakika moja.

Karani, sehemu hii usimsomee kwa upole. Msomee kama nilivyoandika.

Kijiko wako


1 Julai

Kijiko wangu,

Karani alisoma mpaka "umekalia kiti tena", akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Unajua mara ya mwisho nilinyamaza lini? Wewe ulikuwa hujaota meno.

Haya. Mwezi wa nne, siku ya mvua, foleni hakuna. Nilikuwa nimekuja kukuandikia habari za paa. Huyu bwana akaweka kalamu chini. Sijapata kuona kalamu yake imelala mchana. Akasema, "Fundi, nimefiwa na mke mwaka wa tisa sasa. Ningependa kukuandikia bila foleni."

Nilimwelewa. Sikusoma, ila si mjinga. Nikamwambia, "Nitakujibu mbele ya mjukuu wangu. Nimemlea mimi, naye ndiye mtu wangu. Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba." Akasema sawa. Akashika kalamu, akauliza paa linavuja upande gani.

Nilisema nakusubiri wewe. Kijiko, nilikuwa najidanganya. Niliogopa. Mtu wa miaka sabini na miwili, mikono imejaa matundu ya sindano, aambiwe anaolewa? Nilihofu utacheka. Nilihofu utadhani nimemsahau babu yako, na babu yako mimi simsahau hata nikitaka, kanikorofisha miaka mingi mno. Basi nikajiambia, asipokuja hakuna jibu, na jibu lisipokuwepo hakuna aibu. Nikajikalia.

Lakini kitanda nilikiagiza. Sufi ya godoro nimeshaanza kuichambua. Mtu anayesema hajui la kujibu, na huku anaandaa godoro la futi tano, huyo jibu analo, anaringa tu. Na miezi mitatu huyu kanishikia kalamu juu, hajauliza mara ya pili. Kaniandikia kila upuuzi, hata ule wa mgongo wangu kutaka kujinyoosha. Alikohoa tu, maskini.

Basi nasimama. Tazama, nimesimama kweli, niko wima mbele ya meza, mwenye baiskeli ameshaanza kukikodolea kiti macho. Kaa, baba, kaa, leo sina ugomvi.

Karani, andika: nimekubali.

Mbona huandiki? Miaka thelathini umeandika vikohozi vya wezi, leo neno moja linakushinda? Nimekubali. Harusi ni Jumamosi hiyo hiyo. Andika, watu wanasubiri.

Bibi yako

(Amesema: nimekubali. Amelisema mara mbili, na barazani wamelisikia. Imeandikwa kama ilivyotamkwa. Doa la wino ni langu. Karani.)


5 Julai

Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu. (Nimelijaribu hilo neno kwa sauti. Limekaa vizuri.)

Nilicheka, ndiyo. Halafu nikalia, halafu nikaenda kunawa uso, halafu nikacheka tena chooni peke yangu. Hakuna aliyesahauliwa, Bibi. Babu wa kwanza angekuwepo angeuliza tu kama Karani anajua unavyokoroma. Karani, sasa unajua. Andika hilo.

Kwenye fomu nimejaza: "Harusi ya bibi yangu." Bosi aliniita. "Umekosea hapa. Bibi gani anaolewa?" Nikamwambia, yule yule aliyetengeneza mbao zako. Akaniangalia, akaniomba nikae, nikamsimulia habari ya kiti tangu mwanzo. Amesaini, kaongeza siku mbili, na ameniuliza kama Karani anaweza kuja kutufundisha kazi.

Kitambaa ninacho, kizito, milia ya bluu, futi tano kwa sita na ziada ya kukunja. Natoka Alhamisi kwa treni ya saa tatu asubuhi, jukwaa la nne. Jana nilikwenda kuutazama ubao wenyewe. Ulisema saa tatu, na saa tatu treni ikatoka.

Bibi, usinisubirie kitini.

Kijiko